Korosho za Bibi Msituni

Bibi yangu wa Ziwani, Mtwara, shikamoo. Nakuandikia kando ya ziwa lililo juu mlimani.

Tumepiga kambi wanachuo kumi chini ya misonobari, miti yenye majani kama sindano. Mchana huu nilitoa zile korosho ulizonifungashia na maganda yake, nikatoboa bati kuukuu ili nizichome. "Niachieni mimi, mtu wa Mtwara," nikajigamba. Maganda yalipotoa mafuta, moto uliruka kama kawaida. Hapo sikushtuka. Nilishtuka matone ya moto yalipodondoka chini na ardhi yenyewe ikaanza kuwaka. Kumbe tulikuwa tumekanyaga majani makavu ya miaka mingi, si udongo. Moto ukatambaa hadi kwenye hema alimolala Rehema, rafiki yangu, akiwa na homa.

Nilisimama tu, Bibi. Wenzangu ndio waliomvuta nje na kumwaga maji ya ziwani kwa masufuria. Hema limeungua nusu. Rehema akakohoa, akanitazama. "We mtu wa Mtwara, korosho zenyewe zimeiva lakini?" Wote wakacheka. Mimi nikalia.

Nyumbani ulikuwa ukifagia uwanja mpaka ubaki mchanga mtupu kabla ya kuwasha moto, nami nikidhani unapenda usafi tu. Sikuwahi kukuuliza.

Mwenyezi Mungu akutunze, nije nikuulize na mengine.

Mjukuu wako, Somoe