Mguu wa Klachi

Kwa mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini u mzima, na magoti ya mama yako, dada yangu, yametulia. Mimi sijambo kichwa, tumbo na mkono huu unaoandika, ingawa mimi na kalamu tuliachana darasa la tano. Mguu wa kushoto ndio uliotupatanisha.

Kwanza nikanushe maneno. Nasikia huko wanacheka eti mjomba kapasuliwa busha, kwa kuwa nilisema kwenye simu ni mshipa. Waambie si mshipa huo! Ni mshipa wa fahamu, ule mkubwa unaopita takoni kushuka hadi wayoni. Daktari mpasuaji alisema kwa kawaida una unene wa kidole. Wangu nadhani ulikuwa kama kamba ya kuvutia lori, maana alimwita mwenzake aje atazame.

Hiyo nusu kaputi yao nayo ilinitambua. Mtu wa dawa ya usingizi aliniambia nihesabu hadi kumi. Nikahesabu, nikamaliza, nikamuuliza kama nianze upya. Wenzangu wodini wanasema nililala kwenye tatu. Wivu tu.

Nilipoamka, daktari akaketi kitandani pangu, na daktari akiketi ujue hakuna heri. Akasema aliukuta mshipa umenaswa na kovu kama uzi uliomwagikiwa gundi. Akaugusa kwa umeme mdogo, wayo haukutikisika. Basi akakata sehemu iliyokufa, akaunga kwa kamshipa alikokatoa kwenye mguu wa kulia. Nikamuuliza lini nitakanyaga klachi. Akasema mshipa huota taratibu mno, kutoka takoni hadi wayoni ni mbali, na huenda usifike.

Sasa wayo unaning'inia, natembea nikiinua goti kama jogoo kwenye matope. Tajiri wangu alikuja wodini na machungwa, akaondoka na ufunguo wa lori.

Mpwa wangu, kila mtu nilimwambia nilipigwa teke na fahali niliyekuwa nampakia. Hakukuwa na fahali. Daktari aliniuliza nani alinichoma sindano takoni, nikasema sikumbuki. Nakumbuka sana. Ni wewe, siku ile nilipokuja na homa pale duka la dawa ulipokuwa unauza. Sindano ilipoingia, moto ulinishuka hadi vidoleni. Nikacheka, nikakuambia una mkono mwepesi, nikatoka nikijikaza usione ninavyoburuta mguu. Kisha kila kituo cha mafuta nikatangaza kwamba mpwa wangu ni daktari.

Nilikusudia kuzikwa na jambo hili. Lakini juzi mama yako alinipigia kwa furaha: umefungua chumba chako mwenyewe cha kuchoma sindano, watu wanapanga foleni, wengine na watoto mgongoni, na wanasema ni mimi niliyewaelekeza.

Sikulaumu, wala mama yako sitamwambia. Ila nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba: funga. Usimchome mtu yeyote mpaka ufundishwe na anayejua mshipa ulipo. Ukikaidi nitakuja na mkongojo wangu, niketi mlangoni pako, nivue kiatu, na kila mwenye mtoto nimwonyeshe.

Msalimie mama yako, na majirani wote isipokuwa wale wa busha. Nasubiri jibu lako.

Ni mimi mjomba wako akupendaye,
Mzee wa Gia