Si Hina, Mama

Mama, shikamoo. Najua huitikii tena, lakini nikianza kuongea na wewe bila shikamoo masikio yataniwaka, kama siku ile uliponiuliza mbele ya wageni nimelelewa na nani.

Nakuandikia nikiwa uani kwetu Katubuka. Mdogo wako, mamdogo Zuhura, yuko jikoni anapika samaki, migebuka kwa mawese, na anaimba. Anaimba, Mama! Tangu tukuzike alikuwa hajaimba, na ndiyo habari niliyokuletea.

Unaikumbuka siku ya uchunguzi wa saratani ya ngozi? Gari lilipita mtaani na kipaza sauti, kila mtu mzima aende zahanati akaangaliwe, bure. Wewe ukajiandaa kama unakwenda harusini. Jioni yake ulimkalisha mamdogo akusugue nyayo kwa jiwe, kisha akupake hina, kwa sababu, ulisema, huwezi kumpelekea daktari miguu ya Kibirizi. Miguu ya Kibirizi! Miguu iliyotusomesha sote, iliyokanyaga mchanga wa moto wa mwalo ule kutwa ukianika dagaa. Mamdogo aliona kidoa cheusi karibu na kisigino. Ukamwambia ni alama ya mwiba wa zamani, apake tu. Akapaka.

Kesho yake walikuangalia uso, shingo, mikono na mgongo, ukarudi unatamba. "Daktari kasema ngozi yangu safi kama ya binti," ukawaambia wanawake wote pale kwenye dagaa, hadi wakakubandika jina la Binti.

Halafu kidoa kikakua. Kikavimba, kikachubuka, kikagoma kupona. Ulikipaka mawese, ukakifunga kitambaa, ukaendelea kwenda kazini unachechemea. Tukikuambia twende hospitali, unatujibu, "Si nilishaangaliwa?" Kauli hiyo bado inanichoma. Tulipofika hospitali kubwa wakatuambia ni melanoma, saratani ya ngozi iliyo kali, na imeshasambaa mwilini. Yaliyofuata unayajua, sitaki kuyaandika.

Usichokijua ni hali ya mamdogo. Baada ya msiba aliacha hina kabisa. Idi ikapita mikono mitupu. Akakataa kupamba maharusi, yeye ambaye Ujiji nzima walikuwa wanamfuata. Siku moja nikamkuta anasugua sufuria huku anasema peke yake, "Mimi ndiye niliyemfunika dada yangu." Nikambembeleza, nikamkaripia, wapi.

Baada ya Ramadhani akaja daktari, mwanamke kijana, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa huku. Yeye na wenzake walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kwa wale walioambiwa ni wazima siku ile, kuuliza kama kuna aliyeugua baadaye. Walitaka kujua uchunguzi wao ulikuwa unaona kweli au ulipita juu juu. Mdomo wangu unaujua, Mama. Nikamwambia, "Umechelewa, dada. Mliyemwambia mzima tumeshamzika." Hakujitetea. Aliinamisha kichwa, akatupa pole, akaomba tumweleze yote.

Ndipo mamdogo akatoka jikoni, mikono imejaa unga wa muhogo. "Msijilaumu, mwanangu," akasema. "Ni hina yangu."

Yule daktari akamshika mikono hivyohivyo na unga wake. Akamwambia hatamdanganya, hina inaweza kuficha kidoa. "Lakini mama, siku ile hatukumvua mtu yeyote kiatu. Tulitafuta pale jua linapopiga. Kwetu sisi watu weusi ugonjwa huu hujificha zaidi kwenye nyayo, viganjani na chini ya kucha. Hata asingepaka hina, tusingeuona." Akasema si wewe peke yako waliyempita, na ndiyo maana wamerudi.

Mamdogo akakaa palepale kizingitini akalia. Nikalia naye. Hasira ninayo hadi leo, sikufichi, lakini mtu aliyekuja mwenyewe mlangoni kukwambia ukweli utamfukuzaje? Nikamkaribisha chai.

Tukinywa chai nikamsimulia kazi yako. Tulivyokuwa wasichana, tunaanika dagaa tunasahau kuwageuza, tunapiga soga, na wewe unatokea nyuma yetu: "Geuzeni! Juu jua linaona lenyewe, chini tuone sisi." Alicheka kwanza, kisha akaweka kikombe chini, akayaandika maneno yako kwenye daftari lake.

Jana wamerudia uchunguzi, zahanati ileile. Safari hii wanaanza na miguu. Kuna beseni la maji na sabuni mlangoni, na mwenye hina anaombwa arudi ikishafifia. Watu wazima waliona haya, nani amwinulie daktari nyayo zake? Wakajikunja kwenye benchi, miguu ndani ya kanga, wanasukumana nani atangulie. Mamdogo akainuka. Akapanda kitandani, akainua nyayo zote mbili, zimepasuka na hazina rangi, akasema kwa sauti, "Angalia vizuri, mwanangu. Dada yangu alikuja hapa."

Hana kitu, Mama. Waliangalia hadi katikati ya vidole. Ni mzima, na safari hii ninaamini.

Leo asubuhi ameniomba nimpake hina. Nimeshaichanganya, iko kwenye bakuli hapa pembeni yangu, inasubiri amalize kupika. Ndiyo maana anaimba.

Basi pumzika, Mama. Ijumaa nitakuja kukuombea dua na kung'oa majani pale kwako. Na ninakuahidi hivi: kila hina ya mamdogo ikififia, kabla hajapaka nyingine, nitamkalisha mkekani, nitaishika miguu yake na kuigeuza. Nyayo zako niliziona vizuri siku tulipokuosha. Zake nitaziona akiwa anacheka, ananipiga mateke, anasema niache kumtekenya.