Mahema Kwenye Kiwanja cha Baba

Sitalike,
Jumapili, baada ya misa.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Mimi binti yako ni mzima, na nyumba uliyoniachia bado imesimama. Macho yako yanaendeleaje? Kaka Aloyce aliponiambia kwamba bandeji zimetolewa na umeanza kumtambua mtu akiwa bado mlangoni, nilishangilia peke yangu hadi kuku wakatawanyika. Huku mvua zimekuwa nzuri. Mto Katuma umejaa na viboko wako wanakoroma kama kawaida yao. Ningeweza kupiga simu, lakini habari hii ni ndefu, na wewe ukikasirika unakata simu. Kaka, msomee mama polepole.

Mama, tumeshinda. Naanza na hilo ili usisikilize mengine roho ikiwa juu.

Nilipoachishwa kazi ya upishi kule hotelini, ulinibariki niweke mahema kwenye kiwanja chetu, ili wageni wanaopita na pikipiki zao kuelekea Sumbawanga wapate pa kulala. Ukasafiri kwenda Tabora kutibiwa. Yaliyofuata sikukueleza, maana sikutaka ulie na macho yale.

Wageni walikuja, wakapenda kunywa chai huku wakitazama viboko. Lakini wengine walikuja na spika zao, muziki ukawa mkubwa mpaka majirani hawalali. Mmoja alilewa, akapotea njia ya chooni, akajikuta ndani ya bafu la makuti la jirani yetu Mama Ernestine, mwenyewe akiwa anaoga. Kelele zile zilifika barabarani. Kisha likaja kubwa zaidi. Maganda ya matunda tuliyokuwa tunatupa shimoni yaliwavuta tembo kutoka hifadhini, nao wakapitia kwenye mahindi ya Mama Ernestine, yamekaribia kuvunwa. Kulipokucha nilimkuta katikati ya mabua yaliyolala chini, anaokota mahindi moja moja. Ningefurahi angenitukana.

Alikwenda ofisi ya kijiji, na hakukosea. Mtendaji akaja kunieleza kwamba kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, kitongoji chetu ni makazi tu, si eneo la utalii. Akaamuru mahema yang'olewe hadi mkutano mkuu wa kijiji uamue. Kaka naye akaniambia kwamba ikishindikana tuuze kiwanja, nihamie Tabora nitafute kazi. Usiku huo sikula. Pale ndipo alipolala baba, mama. Tungemuuza na kaburi lake?

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule, na sijawahi kuona watu wengi hivyo kwa jambo lisilo la uchaguzi. Mzee mmoja alisema leo mahema, kesho baa, keshokutwa wajukuu zake wanaomba pipi kwa Kiingereza. Vijana wa bodaboda wakapiga kelele kwamba wageni ndio abiria wao, na wazee wanataka kijiji kilale saa kumi na mbili kama kuku. Halafu akasimama Masunga, yule mfugaji Msukuma wa ng'ambo ya barabara. Akauliza kwa upole kabisa:

"Ng'ombe wangu akiingia shamba la mtu, mimi natozwa faini. Tembo aliyeitwa na maganda ya huyu dada, faini yake analipa nani?"

Watu wote wakanigeukia. Nilisimama. Nikasema Masunga anasema kweli, na sikuja kuomba sheria iondolewe, nimekuja kuomba sheria iwekwe. Mahema yakae ukanda wa mtoni tu, yasiingie kati ya nyumba za watu. Jirani aridhie kwanza. Muziki usiwepo. Takataka zifukiwe siku hiyohiyo, na njia ya kwenda mtoni isifungwe na mtu yeyote. Atakayevunja afungiwe, na kama ni mimi, muanze na mimi.

Mwenyekiti Sylvanus akasema basi jirani mwenyewe azungumze. Mama Ernestine aliinuka akikaza kitenge chake. Nilijua nimekwisha.

"Wageni wa huyu mtoto wameniona nikiwa uchi," alisema, "na tembo wake wamekula mahindi yangu." Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Yeye hakucheka. "Lakini kabla hajaja kwenu, alikuja kwangu. Amelima na mimi lile shamba upya, kwa mikono yake. Mimi nasema mahema yakae. Ila funguo za geti nitashika mimi."

Mama, mikono ilivyonyooshwa, mwenyekiti alianza kuhesabu akaghairi. Wanawake waliniinua juu kama bibi harusi. Masunga alinishika mkono akasema sasa hata yeye anajua pa kulalamikia. Wiki iliyofuata kamati ya ardhi ilipita na kamba, ikatenga ukanda wa mtoni kuwa wa mahema, na kwingine kote kukabaki makazi. Kiwanja chetu kimo ndani ya huo ukanda. Hakiuzwi!

Mahema yamesimama tena. Jua likizama Mama Ernestine anafunga geti. Juzi kuna Mjerumani aliyechelewa, akabembeleza sana, naye akakataa kumfungulia mpaka alipojifunza kusema shikamoo.

Sasa mama, kuna jambo ambalo kaka akilifikia asiliruke.

Ule uzio wa minyaa aliopanda baba kuziba njia ya Mama Ernestine ya kwenda mtoni, ule ambao wewe uliapa hautaguswa ukiwa hai, nimeukata. Niliukata kabla ya mkutano. Siku nilipokwenda kumpa pole ya mahindi, nilimkuta anatoka mtoni na ndoo kichwani, amezunguka kwa barabara kuu, anapumua kwa shida. Nikarudi nyumbani nikachukua panga. Utomvu ulinichoma mikono yote miwili. Sikufanya hivyo ili aniunge mkono. Nilidhani atanipinga tu, na bado niliukata.

Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungekataa kwa heshima ya baba, na mimi ningekutii. Baba alikuwa mtu mwema aliyemkasirikia jirani siku moja kwa ajili ya bata. Hasira ile tumeitunza sisi, yeye mwenyewe ameshapumzika.

Jioni ile Mama Ernestine alipita penye pengo na sahani ya wali, akaenda moja kwa moja hadi kaburini. Alikaa pale muda mrefu. Aliporudi aliniambia kwamba siku ya mazishi alilia nyuma ya uzio, kwa sababu hakujua kama angekaribishwa.

Ukitaka kunigombeza, nigombeze, nitapiga magoti nisikilize. Lakini njia sitaiziba.

Msalimie wifi na watoto. Mungu azidi kukupa nuru ya macho. Siku utakayopanda treni nijulisheni mapema, kwa maana Mama Ernestine ameshasema atakuja stesheni ya Mpanda akupokee mzigo yeye mwenyewe. Mpe, mama.

Ni mimi mwanao,
Jeniffer