Kete Aliyoondoka Nayo Zaidi

Ruaruke,
Mwezi wa Shaaban, 1323 Hijria.

Mpendwa Ami Mwinyimvua,

Salaam nyingi zikufikie huko Unguja. U hali gani? Yale macho yamepoa, au tabibu bado anakusumbua na dawa zake? Sisi tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mama anakohoa, lakini kusema hajapunguza.

Najua utauliza kwanza baraza lako la bao, ndipo uulize watu. Basi nakujibu kwa mpango wako. Baraza limebaki na wazee na mbuzi. Vijana wengi wamekwenda kunywa ile dawa ya maji ya kuzuia risasi, wengine wamekimbilia visiwani, na walio karibu na njia wamekamatwa kubeba mizigo ya askari wa Mdachi. Ng'ambo ya mto maghala ya mpunga yamechomwa. Moshi tunauona huku tukitwanga.

Nakumbuka ulivyolileta bao lile kutoka Kilwa, umejitwika mwenyewe, hutaki kusaidiwa. Ukamfundisha marehemu Bwana Mshamu, naye akaja akakufunga bao siku ya Idi mbele ya watu, ukasusa pilau. Halafu Sharifu wa Mafia akaja kututambia, akafungwa na Zaidi mwanao, ndevu hata hazijaota. Sisi wanawake yote hayo tuliyaona kutoka upenuni, maana ulisema mwanamke hana utulivu wa bao. Sijasahau, Ami.

Nazunguka tu, unaona mwenyewe. Neno lenyewe ni zito kuliandika.

Zaidi alikwenda vitani. Alikuwa akicheza na Bwana Khamisi, bado wananamua, kete za akiba hazijaisha, zamu yake imefika na kete i mkononi, wenzake wakaja kumwita. Akainuka na kete yake. Akasema bao lisiguswe, akirudi ataanzia hapo hapo. Mkewe Mwanabaraka alikuwa anaanua mpunga, hata hakuagwa vizuri. Tangu hapo bao limekaa vile vile, tumelifunika jamvi kuku wasije wakatawanya kete.

Juma lililopita Abdulla, yule rafiki yake aliyeondoka naye, amerudi peke yake. Amekonda hata mama yake hakumtambua. Anasema risasi hazikugeuka maji. Anasema kabla hawajatawanyika Zaidi alimtia kete ile mkononi, akamwambia, "Mpe Mwanabaraka." Hakumwona akianguka wala akikimbia. Ndiyo habari yote tuliyo nayo. Nimelia kabla ya kuiandika, na sasa nalia tena.

Wazee wanasema mtu hatoi kete yake ila amekwisha kata tamaa ya kurudi. Wanataka bao lipinduliwe, kama ulivyotuwekea desturi siku aliyokufa Bwana Mshamu, hitima isomwe, na Mwanabaraka aingie eda. Bwana Khamisi ndiye wa kwanza kulisema hilo. Mwanabaraka amekataa katakata, nami niko upande wake. Eda ya mtu ambaye maiti yake haikuonwa na yeyote? Lakini wewe ndiye baba, na bao ni lako. Kila mtu anangoja neno lako.

Jana sasa, Ami. Baada ya adhuhuri Mwanabaraka alitoka uani, akapita katikati ya wazee, akakaa mahali pa Zaidi. Bwana Khamisi akamwambia, "Mwanangu, hapo si pako."

"Najua," akajibu. "Nimeletewa kete, naicheza."

Akafunua jamvi, akaitia pale ambapo mumewe angeitia, akala, akasambaza taratibu mpaka kete ya mwisho ikalala katika shimo tupu. Hakukosea hata shimo moja. Kumbe kule upenuni hatukuwa tukisengenya tu.

Sasa zamu ni ya Bwana Khamisi. Aliinamia bao mpaka adhana ya alasiri, kisha akainuka bila kucheza. Leo pia amekuja, amelitazama, ameondoka. Nikamfuata kumuuliza kama amefungwa.

"Sijafungwa," akaniambia. "Zamu yangu nitacheza na Zaidi mwenyewe, akirudi. Funikeni jamvi lenu."

Tumelifunika.

Nisalimie Bi Siti na shangazi Waride. Mama na Mwanabaraka wanakushika mkono. Mola akuponye macho, akufungulie njia urudi, na atakayefika nyumbani kwanza kati yenu wawili, wewe na Zaidi, mwenzake awe yu njiani.

Ni mimi binti wa ndugu yako, nikupendaye daima,
Mwajabu