Bwawa, Spa na Kiti cha Tano

Nyumba ya mwisho,
Mtaa wa Shule,
S.L.P. 73.

Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa kaka yangu Chura,

Salamu kwanza, mengine yatafuata. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na ile baridi iliyokuwa ikikupasua midomo imepungua? Siku hizi unakula chakula cha kupikwa, au bado ni mkate na chai ukiwa umesimama kando ya lifti unazotengeneza? Sisi hatujambo. Mama anaamka salama, ila magoti yake yana kiburi, hayasikii amri ya mtu mpaka jua lipande.

Barua yako tumeipata. Niliisoma kwa sauti mezani, na nilipofika pale uliposema tuchague zawadi ya Mama ya kuweka uani, bwawa la kuogelea au spa, Mama akanikatiza: "Spea ya nini tena? Gari lenyewe tulishaliuza." Nilimweleza kuwa spa ni beseni kubwa lenye viti ndani yake, maji ya moto yanabubujika, mtu anakaa tu akikandwa. Alielewa, lakini jina lilishakwama. Sasa nyumba nzima inasema spea.

Shemeji yako alikuwa upande wa bwawa. Bwana huyu hajui kuogelea kabisa, hata maji ya kiunoni yanamtisha, lakini kaptula alishanunua. Mpwa wako naye alimuunga mkono baba yake, ili wenzake wa shule waone wivu.

Mimi nilisitasita. Bwawa lingekula ua wote: kamba za nguo, bustani ya mboga, na pale lilipokuwa tangi la marehemu Baba. Unakumbuka ulivyojitumbukiza humo na sare za shule? Baba alikuvuta kwa mkanda, akamwaga maji ya wiki nzima, akakubandika jina ulilonalo mpaka leo. Alitaka kukasirika akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini. Lile duara la saruji lilipokaa tangi bado lipo. Nikianika nguo huwa nasimama juu yake bila sababu. Nimekukumbuka, kaka. Naandika wazi, maana kwenye simu naishia kukuuliza kama mvua imenyesha huko.

Jumanne alikuja fundi wa mabwawa na kitabu chake cha picha. Swali lake la kwanza lilikuwa tuko wangapi nyumbani. Nikajibu bila kufikiri, "Wanne." Mama alikuwa anachambua maharage. Akainua kichwa, akasema, "Watano."

Fundi alitutazama kwa zamu. Akaeleza kwamba spa zipo za viti vinne na za viti vitano, lakini bwawa halina idadi, wanaingia waliopo. Mimi nikataka kulainisha mambo kwa mzaha. Nikasema basi tuchukue ya vitano, kimoja kiwe spea.

Mama aliweka ungo chini. "Mwanangu si spea," akasema, akaingia ndani kwa magoti yake hayo hayo, bila fimbo. Hakunisemesha mpaka kesho yake.

Nilikosea, kaka, na kosa halikuwa la mzaha peke yake. Miaka saba tangu uondoke nimepanga sahani nne, mdomo nao ukazoea. Mama hajazoea. Aliponisemesha tena alisema bwawa hataki, kwa sababu kwenye bwawa watu wanatawanyika na huwezi kujua nani hayupo. Yeye anataka mahali pa kukaa awaone wote.

Jana nilimpigia fundi nikamwambia nilikosea hesabu, tuko watano. Spa itafika mwezi ujao, itakaa juu ya lile duara la Baba. Shemeji yako ameshindwa kura, ila ameruhusiwa kuingia na kaptula yake. Mama amekwishagawa viti kwa kidole kwenye picha. Chako ni cha kona, mkono wake wa kulia.

Sasa nakuambia lile lililonifanya nishike kalamu. Mama amesema hataingia kabla yako. Daktari mwenyewe alishamwambia maji ya moto yatamsaidia, nami nimembembeleza wee, hasikii. Maji yatakuwepo, na yeye atakaa pembeni na magoti yake akikungoja. Omba likizo, kaka. Hata ya wiki moja.

Shemeji yako anakusalimu, na mpwa wako anauliza kama ni kweli unaweza kukaa chini ya maji bila kupumua. Shangazi wa dukani na jirani fundi cherehani wanakutajataja kila siku. Mungu akulinde ukipanda na ukishuka, maana kazi yako ndiyo hiyo.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, niliyejifunza upya kuhesabu mpaka tano.