Mume Wangu Anajizungumzia Kama Marehemu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa, maana nyumbani kwangu kuna mtu mzima anayekula, anayeoga na kwenda kazini, lakini anajizungumzia kama aliyekwisha zikwa. Mume wangu ni seremala, hana ugonjwa wowote tunaoujua, na mimi ni mshonaji ambaye pia nahubiri kwenye ibada ya kina mama. Yote yalianza wifi yangu, dada yake mkubwa, alipohamia kwetu na desturi yake ya kufumba macho, kufungua Biblia popote na kutia kidole, halafu anasema huo ndio ujumbe wa Mungu kwa nyumba hii, na mwanzoni tuliona raha kwa sababu kidole kiliangukia habari za kupona na binti yetu homa ikamwachia siku hiyohiyo, basi tukawa tunauliza kila kitu. Asubuhi moja mume wangu akauliza kama achukue kazi ya kutengeneza madawati, kidole kikatua pale nabii Isaya anapomwambia mfalme Hezekia aweke mambo ya nyumba yake sawa kwa kuwa atakufa. Mimi nilicheka kidogo. Wifi hakucheka. Alisema, "Neno limeshasema, mdogo wangu."

Tangu hapo, nikimwekea chai anasema, "Nilikuwa napenda ya tangawizi," kwa upole, kama anayemsimulia mgeni habari za mtu mwingine. Binti akimwamkia anakawia kuitika, kana kwamba sauti inamfikia kutoka mbali. Akirudi kazini anageuza kiti, anaukabili ukuta, hasemi kitu. Juzi mchana nilimpelekea chakula karakana nikamkuta anapiga randa mbao ndefu, nikamuuliza kitanda cha nani, akasema, "Hakina miguu." Kisha akalala juu ya mbao zile, mikono kifuani, akaniomba niweke alama ya penseli kwenye mbao, pale kichwa chake kilipoishia, na mimi, Mungu anisamehe, niliiweka, kwa vile sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Nikasema niijaribu Biblia mwenyewe. Nikafumba macho, nikafungua, kidole kikatua palepale. Nikafunga, nikafungua tena. Palepale. Sasa nikikataa, nalikataa Neno la Mungu? Nikikubali, nikae tu nimngojee mume wangu afe? Na Jumapili ni zamu yangu kuhubiri, wifi anataka andiko nilipate kwa kidole.

Mke wa Seremala

Mke wa Seremala, pole sana. Barua yako ilinitisha, ndiyo maana nilikupigia simu badala ya kungoja gazeti. Hapa nayarudia tuliyozungumza kwa faida ya wengine.

Biblia iliyofunguliwa mara nyingi mahali pamoja huvunjika mgongo, ikafunguka hapo yenyewe. Lakini hata mgongo ungekuwa mzima ningekuambia hivihivi. Wewe unahubiri, mama. Hukujiuliza maneno yale aliambiwa nani, na yalifuatwa na nini? Aliambiwa mfalme mgonjwa kitandani, si seremala aliyeuliza habari za madawati. Tena kuchomoa mstari na kumtishia nao mtu si jambo jipya. Juu ya kinara cha hekalu, aliyemnukulia Bwana Yesu zaburi alikuwa Ibilisi, na maneno yenyewe yalikuwa ya kweli. Sisemi wifi yako ni shetani. Nasema amejifunza kusoma vibaya, nanyi mkamfuata mmefumba macho. Kanisa tangu mwanzo limesoma macho wazi, sura nzima, watu pamoja, andiko gumu likiangaziwa na lililo wazi, na yote yakimtazama Kristo aliyeingia kaburini akatoka.

Nilikuagiza umsomee mumeo sura ile kwa sauti, bila kuruka. Umenieleza kwamba alisikiliza akiwa ameukabili ukuta, na ulipofika pale Hezekia alipogeuza uso wake ukutani, mumeo alishtuka.

"Hilo nalo limeandikwa?" akauliza.

Limeandikwa. Mfalme aliukabili ukuta, lakini alifungua kinywa akaomba, akalia, akaongezewa miaka. Mumeo akamgeukia dada yake mezani, akamuuliza kwa nini siku ile hakusoma mpaka hapo, naye akainuka akaondoka. Mumeo akalia mpaka shati likalowa. Asubuhi akasema ana njaa.

Tumshukuru Mungu, ila usijidanganye kwamba imekwisha, maana jana umemsikia akisema "nilikuwa" tena. Mpeleke hospitali wiki hii, aonwe na daktari wa akili, wala mtu asikuambie ni kukosa imani. Isaya huyohuyo aliagiza tini ziwekwe kwenye jipu la mfalme. Usimwache peke yake karakana. Wifi mwambie mbele ya mchungaji, kwa heshima lakini bila kuzunguka, kwamba mambo ya kidole mwisho.

Jumapili hubiri sura hiyohiyo. Ukifika pale pa kufa, ukumbi wote utanyamaza, na utatamani kusimama hapo kidogo uwatazame. Usisimame. Endelea kusoma.