Tonge la Upatanisho

Kalemie, Jumanne. Upepo wa ziwa umevuma tangu alfajiri na bati la jirani linagonga kama ngumi. Naandika hivyo hivyo.

Leo damu imemwagika mbele yangu, juu ya sahani niliyoiagiza mimi.

Mimi ni karani wa baraza la wazee la mtaa wetu. Mke akitaka talaka, hakimu hamsikilizi mpaka alete karatasi yetu inayosema kwamba tumejaribu kuwapatanisha na tumeshindwa. Desturi yetu ni sahani moja: mume na mke wanakula bukari, ugali wa muhogo, pamoja mbele ya wazee. Wakila, naandika "wamepatana", na kesi imekufa.

Mwezi uliopita Feza alikataa kula na Kalunga, mumewe, mpakuzi wa mizigo bandarini. Alituonyesha makovu ya mgongoni. Nikamega tonge mwenyewe, nikaliweka katika kiganja chake. Nikamwambia: "Kula, mutoto yangu. Ndoa njo uvumilivu."

Akanitazama. Akala. Nikaandika.

Kalunga alimpiga siku hiyo hiyo, kwa mchi wa kutwangia mihogo, kabla jua halijazama.

Hilo nimelijua leo tu. Feza amerudi na mama yake, kitambaa kimefungwa kutoka kidevuni mpaka utosini. Taya limevunjika. Sahani ikaletwa kama kawaida. Hakuigusa.

"Anakatala kula," akasema Papa Kabulo, mkubwa wa baraza. "Mwenye kukatala sahani, njo mwenye kuvunja ndoa. Andika, karani."

"Papa, atatafuna na nini?" mama yake Feza akafoka. "Umupatie meno yako, basi!"

Wazee wawili wakacheka. Kalunga naye akacheka, akasema mke wake anadeka tu. Kisha akamshika nywele, akavuta kichwa chake nyuma, akalisukuma tonge katikati ya midomo yake kwa vidole vitatu. Nilisikia mfupa. Sikujua kwamba mtu anaweza kupiga yowe bila kufungua kinywa.

Tonge likarudi sahanini, jekundu.

Mama yake alimrukia Kalunga, akamwuma mkono mpaka watu watatu wakamtoa. Kalunga akampiga teke la tumbo. Papa Kabulo akaahirisha kikao mpaka Alhamisi, "wapoe kwanza."

Redio inasema sheria za ndoa zinaandikwa upya huko Kinshasa. Kwa miaka mingi nimesema barazani kwamba talaka isirahisishwe, kwamba sheria ngeni haiwezi kufungua kilichofungwa na koo mbili. Nimesoma vitabu, na hoja zangu zilipendeza. Hakuna hata moja iliyokuwa na taya.

Mimi nilikimbia kutoka kwetu Kirungu wakati wa maasi. Walichoma nyumba yangu na kumkatakata ndugu yangu mlangoni, kwa panga, huku akiwaita kwa majina yao. Tangu siku hiyo naishi ugenini. Watu wa hapa walinipa mkeka na samaki. Hakuna mzee wala hakimu aliyeniambia nirudi kwanza nikale sahani moja na wale wauaji, ndipo wakubali kuwa nimekimbia.

Feza tulimwambia hivyo.

Si "tulimwambia". Mimi nilimwambia.

Wenzangu walipotoka, nilibaki na daftari. Nikaandika: "Baraza limeshindwa. Mume amempiga mke mbele yetu." Nikatia sahihi, nikagonga muhuri, maana muhuri unakaa kwangu. Papa Kabulo akijua atanifukuza, na atawakumbusha watu kwamba mimi ni wa kuja. Sawa. Nimeshawahi kufukuzwa na wabaya kuliko yeye.

Feza hawezi kusema mbele ya hakimu. Kesho asubuhi nitakwenda naye na mama yake, nishike karatasi, nimsemee. Sitaanza na mchi wala na Kalunga.

Nitaanza na tonge nililolimega mimi.